Neno la Nyumba Liandikeni kwa Kiswahili cha Kugombana

Karatasi ile niliichapisha kwenye duka moja la fotokopi pale Nyawera, hapa Bukavu, nikaivika plastiki, nikaitundika sebuleni juu ya redio. Ilikuwa ya Kifaransa, mistari 14, na neno la kwanza baada ya kichwa lilikuwa ukweli. Familia yetu, ilisema, imejengwa juu ya ukweli, upendo, kazi na kumcha Mungu. Wageni waliisifu. Wiki ya tatu mama mmoja wa mtaani, ambaye nilikuwa na deni lake la mchele na makala ya jiko, akabisha hodi. Nilikuwa nimeketi chini kabisa ya karatasi ile. Nikamnong'oneza binti yangu wa miaka minane, "Mwambie Papa hayuko."

Akaenda, akasema, akarudi. Hakunitazama. Alitazama ukuta.

Baada ya siku chache niliiondoa karatasi, nikisingizia kupaka rangi. Haikuwa na kosa la sarufi wala la imani. Kosa lake ni kwamba niliiandika peke yangu usiku mmoja, kwa lugha ya ofisi, na hapakuwa na mtu nyumbani aliyewahi kubishania hata neno moja lililokuwemo. Neno ambalo halijabishaniwa halina mwenyewe. Ikiwa nawe unataka nyumba yako iwe na maneno machache yanayosema ninyi ni nani na mnakwenda wapi, haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile, kwangu na kwa jamaa kadhaa hapa Bukavu.

Sheria mliyo nayo tayari

Usianze kana kwamba hamna kitu. Kila nyumba ya Kongo inaishi kwa sheria moja ambayo haikuiandika: Kifungu cha 15, yaani jitafutie, pita unapoweza kupita. Katika Katiba ya 2006 kifungu cha 15 ni kingine kabisa: kinaamuru mamlaka za nchi zitokomeze ukatili wa kingono, jambo ambalo sisi wa mji wa Hospitali ya Panzi, inayotibu walionusurika ukatili huo, tungepaswa kulijua kwa moyo. Lakini uliza yeyote pale Feu Rouge au sokoni Kadutu, atakuambia Kifungu cha 15 ni kujitafutia. Ndicho kinachomtoa mama kitandani kabla ya jua ili awahi kuvuka Ruzizi kwenda kuchukua nyanya Kamembe. Ndicho kinachomfanya mwalimu awe fundi wa simu saa za jioni. Kimetulea, sitakidharau. Ila kina pengo: kinamfundisha mtu kupona, hakimwambii apone pamoja na nani, wala asifanye nini ili apone.

Pengo hilo ndilo la kuziba. Mmarekani Stephen Covey alitoa kitabu juu ya familia mwaka 1997, na tangu hapo watu wengi duniani wamekuwa wakiandika kile wanachokiita dira ya familia. Wazo ni zuri, lakini kwetu si geni kama linavyoonekana. Kule Uganda kila ukoo wa Baganda una omubala wake, maneno machache yanayopigwa kwa ngoma, na Muganda akiusikia mlio anajua ni ukoo gani unaoitwa. Hapa kwetu Bushi, mtu aliyepata shamba kwa kalinzi alitoa ng'ombe mbele ya mashahidi, na mkataba ukakaa vizazi na vizazi bila wino. Na kitabu cha methali za Wabashi alichokikusanya Kagaragu Ntabaza kinaitwa *Emigani bali bantu*: methali walikuwa watu. Nyuma ya kila methali kuna mtu aliyetenda jambo, akasifiwa au akaaibika, na jambo lake likabaki mdomoni mwa wengine. Fikiri hivyo unapotafuta neno la nyumba yako. Lisitoke kwenye kamusi, litoke kwa watu wenu.

Wenye umri wanakumbuka pia kinyume chake. Mwaka 1967 nchi ilipewa Manifesto ya N'sele, tamko la chama cha Mobutu, nayo ikahubiriwa na kuimbiwa kila pembe. Waliokuwepo wanajua iliishia wapi. Maandishi makubwa yanayoshuka kutoka juu yana tabia hiyo, hata pale "juu" inapokuwa ni Papa wa nyumba.

Sufuria hii ni ya nani

Ubishi wa kwanza utakuwa juu ya neno "sisi", na muuache uwepo. Nyumba ya Bukavu haina ukuta mnene kati ya familia na ukoo. Kuna baba, mama na watoto. Kuna koko, mzazi wa baba au wa mama, aliyeshuka kutoka Kabare kwa matibabu miaka mitatu iliyopita na hakurudi. Kuna mpwa kutoka Walungu anayesoma hapa. Kuna mdogo wake mama ambaye yuko "kwa muda". Na kuna kijana aliye Kampala au Nairobi, au binti aliyehamia Ulaya, ambao jina lao hutajwa kila pesa inapokwisha.

Mimi hutumia kipimo kimoja: nani anakula kwenye sufuria hii, na nani anaitwa usiku mtu akiugua? Hao ndio wakae. Walio mbali watume sauti kwa simu. Na mpwa asikose. Nimeona nyumba moja yenye mali, huko Muhumba, ikijadili kwa ufasaha jinsi inavyothamini usawa, huku mpwa wa miaka 14 akiosha vyombo nyuma ya pazia. Hakuna aliyemwita. Neno lao halikufika Krismasi.

Kuhusu saa, umeme wa mji wetu utakusaidia. Siku ukikatika jioni, televisheni ikinyamaza, washa taa ndogo mkae. Vikao vitatu vya chini ya saa moja vinazidi kikao kimoja cha kutwa nzima, na vikao vyote viwe baada ya kula. Tumbo tupu halisemi ukweli, linasema "ndiyo" ili kikao kiishe.

Nunua kaye (daftari) na biki (kalamu). Umpe mdogo kuliko wote anayejua kuandika, na mwambie aandike kama watu wanavyosema, asisahihishe. Kisha mzungumze kuanzia chini kwenda juu: watoto, vijana, mama, koko, Papa mwisho. Ukiambiwa huo ni uzungu, jibu kwamba hata barazani mzee ndiye hufunga maneno, hayaanzishi. Papa akifungua yeye, wote watakaofuata watakuwa wanamjibu yeye, na kaye itajaa mawazo ya mtu mmoja kwa sauti tano.

Uliza siku, usiulize tunu

Ukiuliza "tunathamini nini?" utapata katekisimu. Mungu, upendo, amani, heshima. Watoto wanajua unataka nini, wanakupa. Hutajifunza chochote, na hapo ndipo vikao vingi hufa.

Uliza siku. Siku gani ulijivunia kuwa wa nyumba hii? Siku gani uliona aibu? Siku gani tulikuwa na pesa kidogo kabisa, na ile kidogo tuliifanyia nini? Nani tulimpokea, nani tulimfukuza? Kitu gani majirani wanakifanya ambacho sisi hatukifanyi, na kwa nini?

Katika nyumba moja ya Cimpunda, kijana wa miaka 11 alijibu swali la kwanza kabla halijaisha. "Siku ile Mama aliuzishaka mashini yake ya kushona juu ya minervali ya yaya." Yaani ili alipe karo ya mkubwa wake. Mama yake akashtuka. "Weye ulijuaka?" "Bote tulijuaka, Mama." Yule mama alikuwa amewaambia watoto wote kwamba mashini imekwenda kutengenezwa. Kwa miaka miwili walikuwa wamemwachia uongo wake mdogo, kila mmoja kwa heshima. Jioni ile hawakuandika kwenye kaye neno "elimu". Waliandika: mashini ya Mama. Wenyewe wanajua maana yake, na mtoto ambaye bado hajazaliwa atauliza, naye atasimuliwa.

Kikao cha pili leteni daftari la matumizi, au kama hamna, kumbukeni mwezi uliopita: dola ngapi na faranga ngapi, zilikwenda wapi? Hapa si mahali pa kulaumiana. Ni kwamba mfuko huwa unasema yale ambayo mdomo hauthubutu. Nyumba inayosema shule kwanza, lakini ikanunua pagne mpya za harusi ya binamu wakati minervali ya miezi miwili inangoja, haikudanganya. Imeonyesha tu kwamba kuonekana vizuri mbele ya ukoo ni jambo inalolithamini pia, na pengine zaidi. Lisemeni. Mkilificha litawatawala bila kupigiwa kura.

Pale mambo mawili mazuri yanapogongana

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kaeni hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Mei 2023 mafuriko yalizoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, watu zaidi ya 400 wakafa, na waliobaki wakatafuta ndugu walikoweza. Nyumba moja ya rafiki yangu, vyumba viwili juu ya mteremko wa Kadutu, ilipokea watu sita. Miezi kadhaa. Walipokuja kuandika neno lao, rafiki yangu alisema siku aliyojivunia kuliko zote ni ile walipofungua mlango. Ikafika zamu ya binti yake mkubwa, ambaye mwaka ule alikuwa akijiandaa na mtihani wa taifa. Alisema siku yake ya uchungu ni ileile. Kitanda chake kilipewa wageni, taa ikawa ya wote, akasomea chooni kwa mwanga wa simu, na mtihani ukamshinda. Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa amekubali kuitwa mvivu.

Baba alinyamaza muda mrefu. Alikuwa tayari ameshaandika kichwani mwake mstari mzuri juu ya ukarimu, na sasa ule mstari ulikuwa na mtoto wake chini yake.

Hawakuufuta ukarimu, na hawakumwambia binti kwamba shida za wengine zilikuwa kubwa kuliko zake, ingawa zilikuwa kubwa. Walibishana vikao viwili. Koko alikuwa mkali: mgeni hapimiwi kitanda. Binti alilia, akaondoka, akarudi. Mwishowe wakatoka na hili: "Mgeni tunampokea hata tukibanana, lakini mwenye mtihani habanduki kwenye kitanda chake na taa yake." Kwa macho yangu sentensi hiyo inazidi mistari yangu 14 yote. Ina mambo mawili mazuri, inasema lipi linasimama wapi, na aliyelipa gharama alikuwepo ilipoandikwa.

Kwa hiyo, kila jambo mnalolipenda litafutieni linalogombana nalo. Heshima kwa wazee hugombana na ukweli, pale mzee anapokosea. Umoja wa ukoo hugombana na shule ya watoto kila msiba unapodai mchango. Kazi hugombana na sala, hasa Jumamosi kwa Waadventista na Jumapili kwa wenye vibanda vya soko. Halafu kila mstari muutie neno "hata". Hatuli rushwa: hata lini? Hata kama ni ya kumtoa kaka yetu kituoni? Msiandike haraka. Ikiwa jibu la kweli ni "hapo tutatoa", basi mstari huo hamna, tafuteni mwingine mtakaouweza. Nyumba yenye mistari mitatu inayoweza kuibeba inanipendeza kuliko yenye kumi inayoizika.

Kwetu "ukweli" ulikwama hapohapo. Mke wangu alisema wazi kwamba hata yeye hawezi kuahidi ukweli wote, kwa sababu kuna mambo ya ukoo wake ambayo hatayasema mbele ya ukoo wangu, na mimi vilevile. Tukacheka. Ndipo binti yangu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na biki mkononi, akasema bila kuinua macho: "Basi tuandike, hatutumi mtoto kusema uongo, hata mwenye deni akiwa mulangoni." Nilitaka kurekebisha "mulangoni". Nikaacha. Tangu hapo nimetoka mara nne kumwambia mtu uso kwa uso kwamba sina. Mara zote nne ilikuwa aibu ya dakika tano hivi, na mara moja nilipewa muda zaidi na mchele juu yake.

Kiswahili kipi?

Andikeni kwa lugha mnayogombania. Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi, na ndani ya karatasi kina heshima yake, lakini hakuna mama wa Bukavu anayemkaripia mtoto aliyechelewa kurudi kwa Kifaransa cha risala. Nyumba nyingine hugombana kwa Mashi au Kirega, basi na iandike kwa Mashi au Kirega. Wengi wetu tunagombana kwa Kiswahili, tena Kiswahili chetu hiki ambacho jamaa wa Dar es Salaam wakikisikia hutabasamu. Sisi tukisema bibi tunamaanisha mke, wao wanamaanisha koko. Tukisema makala tunawasha jiko, wao wanafungua gazeti. Msione haya. Karatasi hii haiendi Dar.

Kipimo cha lugha ni watu wawili. Msomeeni koko, kisha msomeeni mtoto wa miaka saba, na kila mmoja aeleze amesikia nini. Neno ambalo mmoja wao amelikwaa liondoeni, hata kama linapendeza. "Uadilifu" uliondoka kwetu namna hiyo. Mtoto alidhani ni aina ya dawa.

Nchi yenyewe imejichagulia maneno matatu tu: haki, amani, kazi. Ninyi mnaweza kufika mistari mitano au sita. Ikizidi hapo haikaririki, na neno lisilokaririka halipatikani saa linapohitajika.

Usiku mmoja wa kuamua

Saa linapohitajika, katika mji huu, huwa ni usiku. Oktoba 1996, vita ilipoingia na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni 2004, waasi walipouteka mji. Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji na benki zikafunga milango. Kila mara nyumba ililazimika kuamua kabla ya alfajiri: tunavuka au tunabaki, pesa kidogo iliyopo ni ya nani, na koko asiyeweza kutembea je?

Neno la nyumba si mpango wa dharura. Mpango unahitaji vitu vyake: mfuko wa vyeti vya kuzaliwa na vya shule, namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, mahali pa kukutania mkipotezana. Vifanyeni pia, wiki hii kama mnaweza. Lakini mpango hautamwambia kaka mkubwa kama amwache koko. Nyumba moja ninayoifahamu iliandika mstari mmoja tu juu ya hilo: "Tunavuka wote au tunabaki wote." Februari 2025 walibaki. Sisemi walichagua vizuri kuliko jirani zao waliovuka. Nasema hawakulaumiana baadaye, na lawama hizo jirani zao bado wanazo.

Yasiyokaa humo

Msitie urithi. Neno la nyumba halina nguvu mahakamani, na atakayelitegemea kugawa shamba atajuta. Urithi una Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016. Humo watoto wote, wa kike kwa wa kiume, ni warithi wa daraja la kwanza kwa usawa, na fungu lao la pamoja ni robo tatu ya mali. Mapitio ya 2016 pia yaliondoa ile kanuni ya mke kuomba ruhusa ya mume ili afanye jambo la kisheria. Mnaotaka kupanga zaidi, andikeni wosia, muupeleke kwa anayejua sheria.

Nalitaja kwa sababu najua kitakachotokea: mtaandika "binti na kijana ni sawa", na mjomba mmoja atauliza kuhusu shamba la Ngweshe. Mjibuni kwamba la shamba limeshaandikwa na sheria. Lenu ni lile ambalo sheria haifiki: nani anateka maji asubuhi, nani anabaki nyumbani kulea mdogo wenu akiugua, nani anapewa minervali kwanza inapotosha mmoja tu. Kama majibu yote matatu yanamwangukia mtu yuleyule, mstari wenu wa usawa bado haujaandikwa.

Mfano, wa kubishaniwa

Huu nimeuunganisha kutoka nyumba mbalimbali. Usiunakili. Uusome kwa sauti mezani, mseme ni wapi si ninyi.

*Sisi wa sufuria hii tunakula pamoja usiku, hata kikiwa chai na muhogo.*
*Hatutumi mtoto kusema uongo.*
*Minervali ikitosha mmoja, tunaamua wote taa ikiwaka, na asiyepata anaambiwa ni lini.*
*Mgeni tunampokea hata tukibanana, lakini mwenye mtihani ana kitanda chake.*
*Mtu akiugua hatuulizi kwanza ni wa upande wa nani.*
*Papa na Mama wakikosa wanaomba msamaha mbele ya waliowaona wakikosa.*

Mstari wa mwisho ndio unaochelewa kuliko yote kupita. Katika nyumba nne nilizokaa nazo, akina Papa watatu waliupinga. Wa nne aliukubali kwa sharti kwamba watoto waseme polepole. Sharti likaandikwa.

Likae wapi, lifanye nini

Sebuleni si mahali pake, pale ni pa wageni. Wengine huliandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, wengine kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye inayokaa na vitambulisho. Lisomwe mara mbili kwa mwaka: Septemba shule zinapofunguliwa, kwa kuwa hapo pesa hubana na maneno hupimwa, na usiku wa kufunga mwaka. Mkilisoma kila Jumapili litakuwa kama tangazo la parokia, masikio yatazoea.

Na mtoto apewe haki moja: kuliuliza. "Papa, hii iko ndani ya neno letu?" Akiuliza hivyo kwa adabu, hapigwi wala hanyamazishwi, hata kama wageni wapo. Usipoweza kutoa haki hiyo, nakushauri usianze kabisa. Mtoto anayesomewa maneno asiyoruhusiwa kuyatumia anajifunza jambo moja tu, nalo binti yangu alijifunza akiwa na miaka minane, akitazama ukuta.

Septemba kila mtu alete mstari mmoja anaotaka uondoke au ubadilike. Watoto wanakua, koko wanaondoka, kijana wa Kampala anaoa. Kwa rafiki yangu wa Kadutu, mstari wa kitanda cha mwenye mtihani umekwisha kazi mwaka huu, hakuna mwenye mtihani. Wameuacha ubaki, kwa kuwa mdogo wao yuko darasa la tano.

Ile karatasi yangu ya kwanza bado ipo jikoni. Plastiki ya Nyawera ilikuwa ngumu, na hakuna kitu nyumbani kinachopepea makala vizuri kama hiyo.